Kutoa nakshi ya chuma cha Damaski kwa asidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wahunzi wanaoanza kufua visu vya Damaski, yaani vya matabaka ya vyuma vilivyounganishwa, na pia na watu walionunua kisu cha aina hiyo wakaona nakshi inafifia. Wengi huanza kwa kuuliza asidi ipi ni kali zaidi. Mara nyingi jibu ni kwamba umeshika asidi kali kuliko unayohitaji, na tatizo lako liko kwenye msasa.

Kwa nini nakshi haionekani mpaka bapa la kisu liingie kwenye asidi?

Kwa sababu ukimaliza kulisugua, chuma chote kinang'aa sawa. Matabaka yapo lakini jicho haliyatofautishi. Visu vingi vya siku hizi huunganishwa kwa vyuma viwili: kimoja cha kaboni nyingi chenye manganizi, kama 1084 au 1095, na kingine chenye nikeli, kama 15N20, ambacho nikeli yake ni takriban asilimia 2. Asidi hula kile cha kwanza haraka na kukiacha cheusi. Nikeli hukikinga kile cha pili, kikabaki cheupe na juu kidogo. Kwa hiyo unapata tofauti ya rangi na tofauti ya kina kwa pamoja. Pitisha ukucha juu ya bapa lililokaa vizuri kwenye asidi, utasikia mistari.

Ukiunganisha vyuma viwili vya kaboni visivyo na nikeli, usitegemee nyeupe na nyeusi. Utapata kijivu cheusi na kijivu cheupe, na hakuna asidi itakayobadilisha hilo.

Basi nianze na ipi?

Feriki kloraidi. Kwa chuma cha kaboni, sioni sababu ya mtu anayeanza kutafuta kitu kingine.

Kikemia hii ni chumvi ya chuma na klorini, ila ikiyeyuka kwenye maji inakuwa na tabia ya asidi. Mafundi wa elektroniki huitumia kuondoa shaba kwenye bodi za saketi, na ndiyo maana hupatikana kwenye maduka ya vifaa vyao, mara nyingi ikiwa kimiminika cha rangi ya kahawia iliyokolea chenye nguvu ya karibu asilimia 40. Uzuri wake ni kwamba kazi kubwa ya kula chuma inafanywa na ayoni za feriki zenyewe (chembe za chuma zenye chaji), si kwa kutoa haidrojeni kama zinavyofanya asidi za kawaida. Povu ni dogo, mafusho ni machache, na mstari unatoka msafi.

Usiitumie ikiwa nzito kama ilivyonunuliwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ikiwa nzito inakula kwa pupa, kingo za matabaka zinakwaruzika, na bapa linatoka na sura ya kitu kilichookotwa baharini. Izimue: sehemu 1 ya feriki kloraidi kwa sehemu 3 au 4 za maji. Tumia maji yaliyokenekwa ukiweza, kwa sababu maji ya bomba yana madini yake. Na hakikisha unanunua maji hayo kweli, si asidi ya betri, maana huwa zinakaa rafu moja na chupa hufanana.

Nimepata ya unga. Ni sawa?

Ni sawa kikemia, si sawa kiusalama. Zipo aina mbili. Ile yenye maji ndani yake huja kama mabonge ya manjano, na hii ni tulivu kiasi. Ile kavu kabisa ni nyeusi yenye kijani kwa mbali. Ikigusa maji hutoa joto jingi na moshi wa haidrojeni kloraidi unaochoma pua na mapafu. Ikiwa huna hiari, fanya kazi nje, weka maji kwanza ndani ya chombo, kisha mimina unga kidogo kidogo huku ukisubiri upoe. Kamwe usimwagie maji juu ya unga.

Kanuni hiyohiyo inashika kwa asidi zote: asidi huingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye asidi.

Na asidi ya betri? Ninayo tayari.

Kuwa nayo si sababu ya kuitumia. Asidi ya salfuriki inakula chuma, ndiyo, lakini inatoa haidrojeni, gesi inayowaka, na tone lililobaki kwenye nguo halikauki: maji yake yanaondoka, asidi inazidi kuwa kali, na kesho unakuta tundu. Nakshi inayotoa haishindi ile ya feriki kloraidi. Hatari zaidi, faida hakuna.

Vipi asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia saruji na vigae?

Inafanya kazi, na wapo wanaoipenda kwa nakshi ya kina kirefu. Kero yake ni mvuke. Hata chupa ikiwa imefungwa, mvuke hupenya taratibu, na baada ya muda kila kitu cha chuma karakanani kinaota kutu: koleo, mashine ya kutobolea, patasi zako nzuri. Ukiona kutu nyepesi ya rangi ya chungwa kwenye vifaa usivyovigusa, tafuta chupa hiyo. Isitoshe, haidrojeni inayotokea inaweza kupenya ndani ya chuma kilichokazwa na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Kwa kisu chembamba hilo si jambo la kupuuza.

Nitriki?

Achana nayo. Maabara za metali hutumia myeyusho wa nitriki wa asilimia 2 hadi 5 ndani ya alkoholi kuangalia chuma kwa hadubini, lakini huko kuna kabati la kuvuta mafusho na watu waliofunzwa. Ikizidi hapo, mchanganyiko wa nitriki na alkoholi unaweza kulipuka. Nitriki ikila metali hutoa gesi ya kahawia, naitrojeni dayoksaidi, na ubaya wa gesi hii ni kwamba mtu anaweza kuivuta, akakohoa kidogo, akajiona mzima, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Aliyeivuta apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Kuna asidi ambayo hupaswi kuigusa kabisa?

Haidrofloriki. Hupenya ngozi, hufuata kalsiamu ya mwilini hadi mfupani, na ikiwa hafifu maumivu huchelewa hadi uharibifu uwe umeshafanyika. Baadhi ya dawa za kuondolea kutu na kusafishia rimu za magari zinayo, au zina amoniamu baifloraidi ambayo huizalisha. Soma lebo. Usijaribu bidhaa ya namna hiyo kwenye kisu kwa sababu tu imeandikwa inaondoa kutu.

Nasikia wahunzi wa Java, kisiwa cha Indonesia, hutumia ndimu na arseniki. Je?

Ni kweli, na kazi yao inapendeza macho. Keris, jambia la Java ambalo UNESCO ililitangaza kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2005, huoshwa kwa maji ya ndimu yaliyochanganywa na madini ya arseniki. Chuma kinakuwa cheusi tii na tabaka la nikeli linabaki jeupe kama fedha. Lakini arseniki ni sumu na inabaki kuwa sumu, mikononi, mezani, kwenye maji uliyomwaga. Hao wamerithi utaratibu wa kuishughulikia. Wewe na mimi tutumie kahawa.

Kahawa? Kweli?

Kweli kabisa. Kahawa ya papo kwa papo, ya bei ya chini kuliko zote, kati ya gramu 50 na 100 kwa lita moja ya maji. Koroga, iache ipoe, chovya bapa ambalo *limeshapita* kwenye feriki kloraidi na kuoshwa, kisha liache saa nyingi, kuanzia 4 hadi usiku kucha. Asidi za kahawa ni dhaifu sana kuchimba, ila zinatia weusi mzito kwenye chuma cha kaboni huku nikeli ikibaki nyeupe. Ukilitoa, lisuuze taratibu bila kulisugua, kwa kuwa weusi huo ukiwa mbichi hutoka. Hatimaye pitisha msasa laini sana, namba 2000 au zaidi, uliofungwa kwenye kipande kigumu chenye uso ulionyooka, ili uguse tabaka zilizo juu peke yake. Hapo nyeupe inaruka.

Kahawa peke yake bila feriki kloraidi hutoa nakshi hafifu.

Siki na ndimu?

Zinafaa kwa anayetaka kuona tu kama matabaka yamekaa vizuri kabla ya kuendelea na kazi. Siki ya asilimia 5 iliyopashwa moto kidogo itakuonyesha mistari ndani ya nusu saa au zaidi. Rangi yake ni kijivu kilichopoa, na haichimbi sana.

Bapa liandaliweje?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Kwanza, bapa liwe limeshapashwa moto, limezamishwa kwenye mafuta na kulegezwa (kupashwa tena moto mdogo ili lisivunjike). Chuma kisichokazwa kinakuwa na tofauti hafifu ya rangi, na watu hulaumu asidi bure. Baada ya moto, uso wa nje huwa umepoteza kaboni, nao asidi huula kwa mabaka. Uondoe wote kwa msasa.

Kisha panda ngazi za msasa: 220, 320, 400, 600. Kwa nakshi ya kina, 600 inatosha. Kwa nakshi laini nenda 1000 au 1200. Usiruke ngazi. Kila ngazi sugua kwa mwelekeo tofauti na uliotangulia, mpaka mikwaruzo ya nyuma iishe yote, na ya mwisho ielekee kwenye urefu wa kisu. Asidi haifichi mkwaruzo, huuchora upya kwa kalamu nene. Ule ulioshindwa kuuona chini ya taa utauona vizuri dakika kumi baadaye, umekata nakshi katikati.

Mwisho, ondoa mafuta. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, kausha, futa kwa asetoni na kitambaa kisafi, na kuanzia hapo usiliguse kwa mkono mtupu. Kuna kipimo chepesi: mwagia maji safi. Maji yakitanda kama utando mmoja, bapa ni safi. Yakijikusanya matone matone mahali fulani, hapo pana mafuta, rudia. Asetoni inawaka, kwa hiyo usiifungue karibu na tanuru.

Mkia unaoingia mpinini na mahali pa chapa yako unaweza kupapaka rangi ya kucha ili pasiliwe. Na kunoa kuje mwisho. Makali membamba yakiingia kwenye asidi yanaliwa kutoka pande zote mbili.

Nitumie chombo gani?

Plastiki au kioo. Kamwe si sufuria, na aluminiamu ndiyo mbaya zaidi kwani feriki kloraidi huishambulia hadi kuchemka. Hata stenlesi haiko salama, kwa hiyo usimimine kwenye sinki. Kwa visu virefu, bomba la PVC lililozibwa chini kwa gundi yake na kusimamishwa ndani ya ndoo ni chombo kizuri: linatumia kimiminika kidogo, na likivuja ndoo inapokea. Ning'iniza bapa kwa uzi wa plastiki lisiguse ukuta wala kitako.

Nilichovye kwa muda gani?

Anza na dakika 5. Toa, suuza, futa ule utando mweusi kama masizi, angalia. Utando huo ukiachwa unazuia asidi isifike kwenye chuma sawasawa, ndiyo maana vipindi vifupi vingi vinashinda kipindi kimoja kirefu. Sugua kwa wepesi kwa msasa wa 2000, rudisha kwa dakika 5 hadi 10. Mara 3 au 4 hivi zinatosha kwa visu vingi. Unayetaka mistari ya kushikika mkononi endelea, ila kumbuka kila kipindi kinapunguza chuma.

Joto lina sauti kubwa hapa. Myeyusho wa baridi sana unazembea. Ukitaka kuupasha, simamisha chombo chake ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu. Asidi haiwekwi juu ya jiko.

Bapa limetoka na rangi nyekundu kama shaba.

Ni shaba. Umetumia feriki kloraidi iliyokwisha kula bodi za saketi, na shaba iliyomo imehamia kwenye chuma chako. Isugue itoke, na utengeneze myeyusho mpya.

Limetoka na mabaka.

Mafuta, karibu kila mara. Alama ya kidole huonekana hadi mistari yake. Mabaka madogo ya duara ni viputo vya hewa vilivyong'ang'ania, kwa hiyo litikise bapa kidogo dakika ya kwanza. Mabaka makubwa yasiyo na umbo karibu na makali huwa ni kaboni iliyopotea kwenye moto. Kwa yote matatu unarudi kwenye msasa.

Nivae nini?

Glavu za nitraili zinazofika juu ya kiwiko cha mkono, miwani ya kinga iliyofunika pembeni (miwani ya kusomea haihesabiki), aproni ya plastiki au mpira, na viatu vilivyofunikwa. Ukiwa unamimina, ongeza kinga ya uso. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Ukilazimika kutumia asidi yenye mafusho unahitaji ile yenye vichujio vya gesi za asidi, na hata hivyo fanya kazi nje au penye upepo unaopita. Weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujafungua chupa.

Feriki kloraidi inatia doa la manjano ya kutu kwenye ngozi, nguo na sakafu. La ngozi huisha lenyewe baada ya siku chache. La shati lizoee.

Imenirukia. Nifanye nini?

Ngozi: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Usipake magadi wala siki juu ya ngozi ukidhani unaua asidi, kwani unaongeza joto mahali palipokwisha umia.

Jicho: fungua kope kwa vidole, osha kwa maji kwa dakika hizohizo bila kukatiza, toa lenzi kama unayo, halafu hospitali. Hata kama maumivu yamepungua.

Aliyemeza asitapishwe. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari asome kilichomo.

Nikimaliza, asidi naiuaje?

Suuza bapa kwa maji, kisha lizamishe kwenye maji yenye bikaboneti ya sodiamu, ile baking soda ya kuumulia keki, vijiko kadhaa kwa lita. Litatoa povu. Liache dakika 10 hata baada ya povu kuisha, suuza tena, kausha kwa joto, paka mafuta mara moja. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi na kinashika kutu wakati unatafuta kitambaa.

Wengine hupuliza dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Inafaa pia. Ila amonia isikutane na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, na klorini hiyo isikutane na asidi yoyote: vyote viwili hutoa gesi ya sumu.

Kuna jambo linalowasumbua sana walio makini. Unaua asidi, unapaka mafuta, na baada ya siku mbili unaona uzi mwembamba wa kutu ukitoka mahali palepale, unafuta, unarudi. Hapo matabaka hayakushikana vizuri wakati wa kuunganishwa, na asidi imejificha kwenye ufa. Chemsha bapa kwenye maji ya bikaboneti, likaushe kwa joto, lilaze kwenye mafuta usiku kucha. Kama ufa unafika kwenye makali au karibu na mpini, kisu hicho kisiuzwe.

Kisu hiki kinafaa jikoni?

Ndiyo, mradi asidi imeuliwa na bapa limeoshwa kwa sabuni. Kwa kulinda tumia mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwenye chakula, si oili ya mashine. Vyakula vyenye uchachu, kama ndimu na nyanya, vitakula nakshi taratibu, kwa hiyo osha na kausha mara tu baada ya kukata.

Myeyusho unakaa muda gani?

Unatumika mara nyingi. Ukizeeka unageuka kijani kibichi kilichopauka, kwa maana feriki imegeuka kuwa ferasi, hali ya chuma isiyo na nguvu ya kula, na nakshi inachukua muda kutokea. Uhifadhi kwenye chupa ya plastiki iliyoandikwa kwa herufi kubwa, mbali na watoto. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa isitumike kwa kazi hii, hata kwa saa moja.

Nimwage wapi?

Si kwenye sinki, si kwenye mtaro, si kwenye udongo. Ndani mwake mna nikeli, na kama umechovya stenlesi mna kromiamu. Mimina myeyusho kwenye ndoo kubwa iliyo wazi, ongeza bikaboneti kidogo kidogo, maana povu hufura na kumwagika, mpaka karatasi ya kupimia asidi (pH) isome kati ya 7 na 8. Kitatuama tope la kahawia. Lipeleke likiwa kwenye chombo chenye lebo mahali panapopokea taka za kemikali. Usikaze mfuniko povu likiwa bado linatoka, kwani gesi itapasua chombo.

Nilinunua kisu cha Damaski, nakshi imefifia. Naweza kuirudisha?

Inawezekana, na utajua papo hapo kama ulinunua cha kweli. Chagua sehemu ndogo karibu na mpini, isugue kwa msasa wa 600 mpaka nakshi ipotee kabisa, ondoa mafuta, na weka kwa kijiti cha pamba feriki kloraidi iliyozimuliwa kwa dakika chache. Chuma cha matabaka kitarudisha mistari ileile mahali palepale, kwa kuwa inapita unene wote. Isiporudi, nakshi ilichorwa juu tu ya chuma cha kawaida. Ikirudi, toa mpini kama unatoka. Usipotoka, ufunge kwa plastiki na utepe, shikilia bapa likiwa limeelekea chini, na ufuate hatua zile za kisu kipya kuanzia msasa wa 600.